Likizo bila malipo sio ajira: nilichojifunza nikirusha ndege ndogo Dar

Nimeona niandike hii maana kila nikipita Teminali 1 pale uwanja wa Julius Nyerere nakutana na vijana wenye leseni mpya kabisa, masaa mia mbili na kitu ya kuruka, wanazunguka na bahasha wakitafuta pa kuanzia, na swali lao la kwanza ni kampuni gani inalipa vizuri. Swali zuri, ila mimi ningeanza na lingine: hii kampuni biashara ikiwa mbaya huwa inawafanyaje marubani wake. Hilo hawaulizi, na mimi nina miaka kadhaa kwenye hii kazi na nimeona watu wazima wenye familia wanaishiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwanza tuelewane hela inaendaje. Sisi wa ndege ndogo, za Zanzibar, Mafia, Kilwa, Songea na zile strip (viwanja vidogo) za vumbi za kambi za watalii kule hifadhi za Ruaha na Nyerere, kampuni zetu nyingi zinarusha ndege za kukodi au za mkopo. Kodi inalipwa kwa dola, bima kwa dola, spea kwa dola, mafuta bei yake inafuata soko la dunia, afu abiria wengi wa ndani wanalipa nauli kwa shilingi. Mambo yakiwa mabaya mwenye ndege yuko Ulaya huko huwezi kumwambia subiri, bima usipolipa ndege hairuki, kwa hiyo mwenye kampuni anaangalia kinachokatika haraka bila simu kutoka nje na anakutana na mishahara. Rubani ni gharama kubwa na inakatika kwa barua moja. Sisemi hivi kwa uchungu, ndo hesabu ilivyo, na ukishaijua unaacha kushangaa ofisa utumishi aliyekuwa anakuita kapteni kwa bashasha akianza kukukwepa kwenye korido.

Na mdororo haupigi kampuni moja tu, unashuka kama ngazi. Desemba 2018 fastjet iliposimama kuruka hapa nchini, kampuni iliyoanza Novemba 2012 na Airbus A319, mimi sikuwa mfanyakazi wao, lakini niliuona ule mshtuko hadi huku chini kwetu. Mtu mwenye masaa elfu kadhaa ya jeti akikosa kazi haendi kukaa nyumbani, anaomba kiti popote, na kiti anachoomba ndo kile rubani msaidizi wa ndege ya propela alikuwa anakisubiri, na yule wa propela asipopanda maana ake wa Caravan (ndege ndogo ya injini moja) hapandi, na kijana wa masaa mia mbili anakaa nje mwaka mwingine. Kwa bahati wakati ule Air Tanzania ilikuwa inakua, Bombardier Q400 zilianza kuja 2016, Boeing 787 ikaja Julai 2018, Airbus A220 mwisho wa mwaka huo huo, basi kidogo watu wakapata pa kupumulia. Mwaka 2020 hapakuwa na pa kupumulia.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kwetu ule ndo muda masika inaanza, kambi nyingi za kusini zinafunga Aprili na Mei kwa sababu barabara za mbugani hazipitiki, kwa hiyo rosta huwa inapungua kila mwaka na hakuna anayeshtuka. Ndo maana wengi walichelewa kuona. Mimi kilichonishtua ni vitu vidogo vidogo, safari mbili za Zanzibar zinaunganishwa kuwa moja, ndege moja imewekwa pembeni na kila ukipita imepungukiwa na kitu kilichohamishiwa kwenye nyingine, posho ya safari inachelewa wiki, jamaa wa mafuta anataka alipwe kabla ya kujaza. Ukiona hivyo vinne kwa pamoja ujue kampuni inahema kwa shida, hata kama kwenye kikao wanasema mambo ni shwari. Aprili safari za abiria za kimataifa zikasimamishwa, zikafunguliwa tena Mei 18, ila watalii hawakufunguliwa pamoja nazo maana kwao huko ndege zilikuwa chini. Nchi iliyopokea wageni zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 ikapata laki 6 na kitu mwaka 2020. Sisi tuliokuwa tunaishi kwa hao wageni tuliona tofauti hiyo kwenye viti, unaondoka Dar kwenda Mafia na Caravan yenye abiria watatu, na wawili kati yao ni wenyeji wanarudi kwao.

Barua zikaja mwishoni mwa Aprili. Ilikuwa karatasi moja, na maneno yake nayakumbuka vizuri maana tulikaa nayo sana: kutokana na hali ya biashara, kampuni inakupa likizo bila malipo kuanzia tarehe fulani "hadi hapo utakapoarifiwa", tafadhali saini hapa kuonyesha kwamba umeipokea na kukubaliana nayo. Wenzetu kadhaa walisaini palepale ofisini, tena kwa shukrani, maana walitegemea kufukuzwa na hapa wanaambiwa bado ni wafanyakazi. Mimi niliichukua nikasema naenda kuisoma.

Tulikuwa na kapteni mmoja mtu mzima sana kwenye hii kazi, wote tunamwita Babu, na yeye ashapita mengi. Kaka yake mkubwa alikuwa fundi East African Airways ilipokufa 1977, yeye mwenyewe alikuwepo wakati Air Tanzania inaungana na watu wa Afrika Kusini 2002 na inaachana nao 2006. Nilimkuta kwa mama ntilie nje ya geti, amekaa kwenye benchi na sahani ya wali maharage pembeni, barua yake ameilaza kwenye goti na kalamu mkononi. Nikamwambia shikamoo Babu, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono nimpe yangu. Akazungushia duara maneno mawili tu. La kwanza "hadi hapo utakapoarifiwa". La pili "kukubaliana". Akaniambia, "Mdogo wangu, hapa hawajakufukuza na hawajakuajiri. Sasa niambie, mwisho wa mwezi huyu wewe ni nani?"

Sikuwa na jibu, na nimekaa na hilo swali mpaka leo. Rubani akikaa bila kuruka haachi tu kupata mshahara, anaoza kikazi. Ili ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, na marubani wa ndege za kibiashara wanapimwa uwezo kila baada ya miezi sita hivi, na kwa ndege kubwa kidogo hilo linafanyika kwenye simuleta (mashine inayoigiza ndege) nje ya nchi, watu wanapelekwa Addis Ababa au Johannesburg. Medikali ya daraja la kwanza, yaani cheti cha afya cha rubani, ina mwisho wake, reting (kibali) ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje ina mwisho wake. Vyote hivyo ukiwa kazini analipa mwajiri na ukiwa kwenye hiyo likizo halipi mtu. Ukikaa miezi sita hivi unarudi sokoni na kipande cha karatasi kilichokwisha muda, huku kampuni bado inakuhesabu kama mtu wake kwa hiyo huwezi hata kwenda kwa mwingine bila kuacha kazi, na ukiacha mwenyewe umepoteza haki zako zote za kupunguzwa.

Babu ndo alituambia tukasome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kwa kweli kila rubani asome hata vifungu vichache, imetafsiriwa kwa Kiswahili, haihitaji kuwa wakili. Mwajiri akitaka kubadilisha masharti ya mkataba anatakiwa ashauriane na wewe, hawezi kuamka asubuhi akasema mshahara ni sifuri. Akitaka kupunguza watu kwa sababu za kibiashara kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya nia yake, aseme sababu, ashauriane kuhusu njia za kuepuka au kupunguza, na vigezo vya nani atoke. Notisi kwa mtu anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Na ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madai mengine ni siku 60. Hizo siku zinaisha wakati wewe bado unasubiri simu ya rubani mkuu aliyekuahidi atakupigia mambo yakikaa sawa.

Hapo kwenye mshahara wa msingi ndo niweke msisitizo. Kampuni nyingi zinalipa msingi mdogo na sehemu kubwa ni posho ya masaa unayoruka. Wakati wa neema inapendeza, unaruka masaa mengi unaleta hela nzuri nyumbani, lakini siku ya kupunguzwa kiinua mgongo kinapigwa kwenye msingi, na hata mshahara wenyewe ukipunguziwa masaa unabaki na kitu cha kulipia umeme tu. Kwa hiyo mnapojadili mkataba msishangilie posho ya saa, pambaneni na msingi.

Hatukuwa na chama cha wafanyakazi, tukachagua watu wanne akiwemo Babu, wakaenda na pendekezo lililoandikwa. Hatukwenda kugombana. Tulisema hivi: badala ya kuwaweka nusu ya marubani likizo bila malipo, wote tuchukue nusu ya msingi, na safari chache zilizobaki zigawanywe ili kila mmoja aruke kiasi cha kubaki hai kwenye zile siku 90. Babu aliwapigia hesabu mbele yao, kwamba rubani aliyelala miezi sita kumrudisha kazini unalipia ndege bila abiria, mkufunzi, mtihani, pengine simuleta na tiketi na hoteli, na watalii wakirudi watarudi ghafla na wewe hutakuwa na mtu wa kuwarusha. Walibisha wiki nzima afu wakakubali kwa wale ambao hawajasaini. Waliosaini wakaambiwa wao washakubaliana, wabaki hivyohivyo. Hilo liliniuma sana na bado linaniuma, maana walikuwa vijana wazuri na hakuna hata mmoja aliyesaini kwa uzembe, walisaini kwa sababu waliogopa kuonekana wabishi.

Ule mpango ulitusogeza mpaka Agosti, hapo kampuni ikaamua kupunguza rasmi. Safari hii walifuata utaratibu, vikao viliitishwa, vigezo vikajadiliwa, wakataka aliyeingia mwisho atoke kwanza, tukaomba makapteni na wasaidizi wawe orodha mbili tofauti ili isitokee ndege ina makapteni watupu. Mimi jina langu lilikuwemo. Nilipata notisi yangu, likizo ambazo sikuchukua zikalipwa, kiinua mgongo japo kidogo, na cheti cha utumishi. Kukawa na suala la bondi, kampuni ilikuwa imenilipia taipu reting (kibali cha kurusha aina fulani ya ndege) na nilikuwa bado nadaiwa miezi kadhaa ya kuitumikia, wakataka kukata kwenye malipo yangu. Nikawaandikia kwamba bondi inamfunga anayeondoka mwenyewe, mimi sijaondoka, mmenipunguza. Mkataba ulikuwa kimya kabisa kuhusu hilo, na ilibidi barua ziende na kurudi mara kadhaa mpaka wakaliacha.

Jamani NSSF pia. Watu wengi wanaiona kama makato tu ya uzeeni, ila tangu mabadiliko ya sheria ya 2018 kuna fao la kukosa ajira, ukiwa umechangia angalau miezi 18 unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, na sharti mojawapo ni kwamba hukuacha kazi kwa hiari yako. Mimi niliyepunguzwa nililipata. Mwenzangu aliyekaa likizo bila malipo hakulipata maana kwenye karatasi ana kazi, na michango yake ilikuwa haiendi. Yani mtu aliyefukuzwa alikuwa na hela ya unga na mtu "aliyeajiriwa" hana. Ile bima ya kupoteza leseni ambayo wengine wanaitegemea nayo haisaidii hapo, inalipa afya ikikuangusha, haina habari na kampuni kukosa abiria.

Mkopo wa benki niliuwahi mapema. Mei 2020 Benki Kuu iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya watu walioathirika, nikaenda na barua ya kupunguziwa mshahara kabla sijachelewesha rejesho hata moja, wakanisogezea muda. Nilivyoona, ukienda kabla hujakosa kulipa wanakusikiliza, ukienda baada unakuta faili lako lishahamia dawati la wadaiwa sugu. Mke wangu alikuwa na duka lake la vitenge huku Kinyerezi, duka hilo ndo lilitulisha, na sioni tabu kulisema. Hela ya kiinua mgongo wengi walinishauri ninunue bajaji mbili, nikakataa, niliitenga kwanza kwa medikali na kuhuisha reting, kilichobaki ndo kikaingia nyumbani. Mama yangu aliuza kiwanja nisomee hii kazi, leseni kwangu ndo kile kiwanja, siwezi kuiacha ife nikiangalia.

Kuna jamaa tulisoma naye urubani Afrika Kusini akaenda Marekani, anarusha zile ndege za mikoani zinazobeba abiria kwa niaba ya mashirika makubwa. Tulikuwa tunapigiana usiku tukilinganisha. Kwao kila kitu ni namba ya kuingia kazini, ukiwekwa pembeni namba yako inabaki na siku ya kuitwa wanaitwa kwa mpangilio. Machi 2020 serikali yao ikapitisha sheria ya kuyapa mashirika ya abiria dola bilioni 25 za kulipia mishahara, kwa sharti wasipunguze mtu mpaka Septemba 30. Nilimwonea wivu, mpaka aliponiambia kwamba Trans States na Compass zilifunga kabisa Aprili hiyohiyo, na ExpressJet ikasimama mwisho wa Septemba baada ya United kuhamishia kazi yake kwa kampuni nyingine. Namba yako ya kuingia kazini ina thamani ndani ya kampuni yako tu, kampuni ikifa unaanza chini kabisa kwa mwingine hata kama una masaa elfu kumi. Kwa hiyo na yeye mwenye mfumo mzuri kuliko wangu kilichombakiza ni kilekile, leseni hai na masaa ya karibuni kwenye logibuku, daftari la rubani la masaa ya kuruka.

Mwisho wa 2020 watalii wakaanza kurudi Zanzibar, chata (ndege za kukodiwa) zinatoka Urusi na Ukraine zimejaa, na kama Babu alivyosema walirudi ghafla. Kampuni zikaanza kutafuta marubani wa kuruka kesho, sio wa kufundishwa miezi miwili. Mimi nilikuwa na kila kitu ndani ya muda, nikaingia kampuni nyingine kabla ya mwaka mpya. Wawili kati ya wale waliosaini barua ya Aprili walikuwa bado wanasubiri kuarifiwa. Mmoja alirudi kuruka baada ya muda mrefu kwa kukopa kwa ndugu ili ahuishe leseni, mwingine aliacha kabisa, sahivi yuko kwenye kilimo Morogoro na anaendelea vizuri, ila alikuwa rubani mwenye mkono mzuri kuliko wengi wetu na hii nchi ilimpoteza kwa karatasi moja.

Naandika haya sahivi kwa sababu dalili hazijaisha, zinabadilika sura tu. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma 2024 kila anayerusha ndege njia ile alianza kupiga hesabu upya, mtu anapanda treni katikati ya mji anashuka ndani ya masaa manne kwa nauli ndogo sana kuliko ya ndege. Mimi nafurahi reli imejengwa, na mama yangu anaipanda, lakini ukiwa rubani msaidizi na sehemu kubwa ya masaa yako ilikuwa Dodoma, muulize rubani mkuu wako mapema wanafikiria kuhamishia ndege wapi.

Wiki iliyopita binti mmoja mwenye leseni mpya alinitumia picha za mkataba WhatsApp, "Shikamoo kaka, naomba uniangalizie, wanataka nisaini kesho." Nikamwambia asisaini kesho. Awaulize msingi ni kiasi gani ukiondoa posho zote, bondi inakuwaje kampuni ikimpunguza yenyewe, nani analipa medikali na mitihani asipokuwa kwenye rosta, michango ya NSSF inaanza mwezi gani, na wakati wa korona waliwafanyaje watu wao. Aliogopa watamwona mkorofi kabla hajaanza. Nikamwambia aandike kwa adabu, kwa baruapepe, majibu yabaki. Juzi wamemjibu, wamekubali kuongeza mstari kwamba bondi inakufa akipunguzwa na kampuni, kwenye msingi wamegoma, na swali la korona hawajaligusa. Bado anafikiria.